Njia ya Kwenda Kasumulu

Barabara itokayo Uyole kwenda Kasumulu si ndefu. Mtu akiitafuta kwenye ramani ya nchi yetu ataiona kama uzi uliosahauliwa na mshonaji, unaning'inia chini ya ile barabara kuu iendayo Zambia. Kilomita mia na ushei tu, kisha mto, kisha nchi ya watu. Lakini ukivuka huo mto barabara haikomi. Inabadili jina na kuitwa M1, inapita Kaporo, inafika Karonga baada ya kilomita zipatazo 45, inalifuata ziwa hadi Chiweta, inaupanda ule ukuta wa mlima kwa kona ambazo hata dereva mzoefu huacha kuzungumza, na hatimaye inaingia Mzuzu. Kwa hiyo wanaoiita "barabara ya Tukuyu" wanaipunja. Ni barabara ya Mbeya na Mzuzu, miji miwili isiyo mikubwa sana wala midogo, kila mmoja ukiwa mbali na makao ya serikali yake, na ambayo katika mambo ya soko yanajuana kuliko wakubwa wanavyodhani.

Mimi nilizaliwa kando ya barabara hii, upande wa Kasumulu, na sasa nimestaafu ualimu ninakaa Uyole, upande wake wa juu. Naweza kusema nimekaa katika ncha zake mbili. Nimeona niiandike kwa sababu ya alama moja ya rangi iliyochorwa kwenye ukuta wa nyumba ya marehemu baba. Hiyo nitaieleza wakati wake.

Ukitoka Uyole asubuhi unaanza kwa kupanda, jambo linalowashangaza wageni wanaojua kwamba wanakwenda ziwani. Isyonje iko juu ya meta 2,000 kutoka usawa wa bahari. Hapo ukungu huweza kukaa hadi saa nne, magari huwasha taa, na wanawake wauza viazi hujifunga mablanketi juu ya makoti. Kisha dunia inainama. Unapita Isongole, ambako njia ya kwenda ziwa la Ngozi huachana na lami. Unapita Kiwira, penye mikungu ya ndizi iliyosimamishwa kando ya barabara kama watu wanaosubiri gari. Kushoto, siku isiyo na mawingu, na siku hizo ni chache, Mlima Rungwe unaonekana wote hadi kileleni. Katumba ni chai. Tukuyu ni mvua. Watu wa Tukuyu hawapendi kuambiwa hivyo, lakini sijapata kushuka katika stendi yao nikiwa sina haja ya mwavuli.

Baada ya Tukuyu masikio yanaziba. Chai inakwisha, migomba inaendelea, kisha inaingia mikakao, miembe, michikichi, na mwishoni mpunga. Joto nalo linaingia kupitia madirishani bila kubisha hodi. Abiria aliyepanda Uyole akiwa na sweta na kofia ya sufu huanza kuvua kimoja kimoja, na akifika Ibanda anatafuta mahali pa kuitundika hata shati. Ziwa liko kwenye meta 470 na kitu. Maana yake mtu anashuka zaidi ya meta 1,500 kwa safari ya saa mbili au tatu. Niliwahi kumsikia konda mmoja akiwaambia abiria waliolalamikia nauli kwamba gari lake linapita nchi mbili, Ulaya na Pwani, na yeye anawatoza nauli ya moja tu.

Hapa niwaombe radhi wasomaji wasio wa kwetu kwa jambo la majina, kwani limewapoteza wengi. Mto wa mpakani unaitwa Songwe. Lakini kuna Songwe mwingine, magharibi ya Mbeya, ambao maji yake huenda ziwa Rukwa, na uwanja wa ndege uliofunguliwa 2012 umechukua jina la huo. Kisha 2016 ukazaliwa mkoa wa Songwe, na Kyela, ambayo ndiyo inayokunywa maji ya Songwe wa mpakani, ikabaki mkoa wa Mbeya. Nimewahi kumkuta kijana kutoka Dodoma ameshuka Songwe ya ndege akiuliza daraja la kuvukia kwenda Malawi liko wapi. Tulimwonyesha njia, akatutazama kama wezi.

Ukiifikiria, si jambo la kawaida kwamba barabara hii haikwendi moja kwa moja Kyela mjini. Inafika Ibanda, inashika upande wa magharibi kuelekea Kasumulu, na mji wa Kyela unaachwa mashariki, ukiunganishwa kwa njia yake. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya barabara alinieleza kwa kuchora mchangani. Uwanda wa Kyela unapokea mito minne inayotoka milimani: Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Yote hufika ziwani kwa wakati mmoja, masika, kila mmoja ukiwa na tope lake. Anayetaka barabara isiyooga kila Aprili anakaa karibu na vilima, anavuka mto mahali kingo zilipo imara, hata kama mji uko kwingine. "Barabara haifuati watu," alisema yule mzee, "watu ndio huifuata." Na kweli. Kasumulu ya leo, yenye nyumba za kulala wageni, wabadilisha fedha, maghala na foleni ya malori, imekuja kukaa hapo kwa sababu ya daraja.

Shuleni tulifundishwa kwamba mambo mapya yaliingia nchini kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Kwetu sisi mengi yaliingia kutoka kusini, kwa njia hii hii. Wamisionari wa Moravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walipita Zambezi, Shire na ziwa Nyasa, wakatokea kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa, wakapanda. Miaka kumi kabla yao, mwaka 1881, tajiri mmoja wa Uskochi aitwaye James Stevenson alitoa fedha ili ichongwe barabara kutoka Karonga hadi ziwa Tanganyika, mizigo iwe inatoka ziwa moja kwenda jingine bila kupitia pwani ya Zanzibar. Mhandisi wake, James Stewart, alifariki 1883, na barabara haikufika mbali. Lakini wazo la kuifanya Karonga kuwa mlango halikufa.

Waliokuwa tayari mlangoni ni Waswahili. Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alijenga boma lake karibu na Karonga akawatawala Wangonde kwa moto, na kampuni ya Waskochi ikapigana naye kuanzia 1887 hadi 1889 bila kummaliza. Alinyongwa Karonga Desemba 1895, baada ya kushindwa na majeshi ya Harry Johnston. Siku hizi watu wa Karonga wakinisikia nikisema Kiswahili wananijibu kwa Kiswahili, wakicheka, na mimi hufikiri kwamba lugha hii tamu ilifika kwao mara ya kwanza ikiwa imebeba mnyororo. Si jambo la kumwambia mtu sokoni, lakini ni vizuri kulijua.

Kisha ilikuja 1914. Wajerumani walikuwa na boma lao Neu Langenburg, ambayo ndiyo Tukuyu yetu, na Septemba ya mwaka huo jeshi lao liliteremka, likavuka Songwe, likaenda kuishambulia Karonga. Waingereza nao walikuwa wametoka Karonga kwenda kuwatafuta. Majeshi hayo mawili yalipishana usiku katika nchi hii tambarare, kila moja likipita njia yake, bila kujuana. Asubuhi ya tarehe 9 Wajerumani wakajikuta wanapiga boma lililobaki na watu wachache, ilhali jeshi la Waingereza lilikuwa nyuma yao likirudi mbio. Wajerumani walishindwa. Marehemu babu alikuwa na usemi kwamba Wazungu walipoteza vita vyao kwa sababu hawakuuliza njia. Sijui kama aliyasikia hayo kutoka kwa wapagazi au aliyatunga mwenyewe. Alikuwa na mazoea ya yote mawili.

Mpaka wenyewe uliwekwa Julai 1890, katika mapatano ya Ujerumani na Uingereza, yale yaliyotoa Heligoland upande mmoja na Zanzibar upande mwingine. Ndani yake mlikuwa na sentensi kuhusu mlango wa mto Songwe, na sentensi hiyo ikatuweka Wanyakyusa upande mmoja na Wangonde upande mwingine, watu ambao lugha yao ni moja kiasi kwamba ukimkatisha mmoja kati ya hadithi mwingine anaweza kuimalizia. Kwenye karatasi mto hausogei. Songwe husogea. Ukifika uwandani hujikunja kama nyoka aliyeshiba, na kila masika kubwa hukata kona moja na kuanzisha nyingine. Nimeshuhudia mkulima akilala na shamba la mpunga upande wetu na kuamka likiwa ng'ambo, na kumwona akivuka maji kwa wiki nzima kwenda kuvuna katika nchi ya kigeni. Mwaka 2017 serikali mbili zilitia sahihi mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la mto huu, na mojawapo ya mambo yanayotakiwa ni kuutuliza mto ukae mahali pamoja. Nawatakia heri.

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, aliolewa ng'ambo 1962. Huwa anasema kwamba alitoka nchi huru akaenda kwa Mwingereza kwa hiari yake, kwa sababu ya mwanamume. Kijiji alichoolewa kiko kati ya mto na Kaporo, na kwa miguu ni mwendo wa asubuhi moja kutoka kwetu. Malawi ikapata uhuru wake 1964, na baada ya hapo wakubwa wakaanza kutazamana vibaya. Mwaka 1967 ugomvi wa mpaka wa ziwani ukatoka hadharani, Mwalimu Nyerere na Dakta Banda wakawa hawasalimiani, ila kwa shangazi ugomvi huo ulikuwa na maana moja tu: alipokuja msibani kwetu ilimbidi aeleze mara mbili anakwenda wapi.

Ng'ambo kulikuwa na sheria za mavazi. Mwanamke hakuruhusiwa kuvaa suruali wala gauni lililo juu ya magoti, na mwanamume mwenye nywele ndefu alinyolewa. Wanawake wa kwetu waliokwenda Karonga walijifunga kitenge kabla ya daraja, na mambo hayo yalidumu hadi utawala wa Banda ulipoisha 1994. Tulikuwa tukiwacheka. Lakini nasi tulikuwa na Operesheni Vijana yetu, iliyotangazwa 1968, ya kupiga vita sketi fupi na suruali za kubana, kwa hiyo tusicheke kwa sauti.

Nakumbuka zaidi mwaka 1983. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na mitano. Nchi ilikuwa imekaukiwa: hakuna sabuni, hakuna chumvi, hakuna khanga, na dukani rafu zilipambwa kwa makopo matupu. Ng'ambo vyote vilikuwapo. Na mwaka huo ndio Waziri Mkuu Sokoine alipowatangazia vita wahujumu uchumi. Walikamatwa walanguzi wakubwa, na walikamatwa pia watu waliokutwa na miche sita ya sabuni. Mjomba alikuwa akinichukua usiku kwenda mtoni. Hatukupita barabarani, barabara wakati ule ilikuwa ndiyo mahali pa hatari. Tulipita katika matete hadi penye mtumbwi, na upande wa pili mume wa shangazi alikuwa anasubiri na gunia. Hatukuwa tukisema neno. Nilijifunza kupokea mche wa sabuni gizani na kujua kwa harufu kama ni wa kufulia au wa kuogea. Mama aliificha ndani ya kihenge cha mpunga, na wali wetu mwaka ule wote ulinukia manukato.

Sasa mambo yamegeuka. Malawi ilipokosa fedha za kigeni, kwacha ikapunguzwa thamani kwa asilimia 44 Novemba 2023, na katika miaka hiyo vituo vyao vya mafuta vikawa vinakauka mara kwa mara. Vijana wa kwetu wakaanza kuvusha petroli kwa madumu, kwa baiskeli, kwa pikipiki, kwa mitumbwi ile ile. Nimemwona mjukuu wa mjomba akipita na madumu manne, na macho yake ni yale ya babu yake. Mtu akitaka kujua ni upande gani wa Songwe una shida mwaka fulani, asisome taarifa za benki. Atazame usiku mtumbwi uliojaa unaelekea wapi.

Mchana, na kwa halali, barabara hubeba mengi zaidi. Chanzo chake ni vita vya watu wengine. Katika miaka ya 1980 vita vya Msumbiji vilizikata reli ambazo Malawi ilizitegemea kwenda Beira na Nacala, nayo ikageuka kaskazini kuitafuta bandari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu kutoka Lilongwe. Wakajenga vituo vyao vya mizigo, kimoja Dar es Salaam na kingine Mbeya. Vita vilikwisha 1992, lakini malori yalikuwa yameshazoea njia. Yanashuka na mafuta, mbolea, saruji na nguo, yanakunja gia ndogo kuanzia Tukuyu, na yakifika Kasumulu breki zinanuka kama mahindi yaliyoungua.

Ndugu yangu wa mwisho, ambaye ni mwanamke na ndiye aliyebaki katika nyumba ya baba, anaishi kwa foleni hiyo. Ana kibanda cha mabati mbele ya nyumba. Anapika wali wa Kyela, samaki wa ziwani, na maharage. Siku foleni ikiwa ndefu anauza masufuria matatu. Siku maofisa wakifanya kazi haraka anauza moja, na analalamika. Machi 2025 Malawi ilipozuia kuingiza ndizi, mchele na mazao mengine, na Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka kwao, aliniita kwa simu akisema malori yamepungua na ndizi zinaiva mikononi mwa watu. Jirani yake alikuwa na mikungu iliyokuwa iende Mzuzu. Aliiuza kwa bei ya kutupa, nyingine akawapa nguruwe. Baadaye zuio la upande wetu likaondolewa. Mambo hayo magazetini yalikuwa habari ya siku kumi. Kwa jirani yule yalikuwa ada ya shule ya muhula.

Nimefika kwenye ile alama.

Baba alijenga nyumba ile 1976. Alikuwa mtu wa sheria; alikwenda kuuliza, akaambiwa kwamba hifadhi ya barabara ni meta 22.5 kutoka katikati, kila upande. Akapima kwa kamba, akaongeza kidogo kwa heshima, akachimba msingi kwenye meta 24. Alipofariki 2004 tulimzika nyumbani, kama ilivyo desturi yetu Wanyakyusa, ubavuni mwa nyumba, chini ya mwembe alioupanda. Mwaka 2007 ikapitishwa sheria mpya ya barabara, na hifadhi ya barabara kuu ikawa meta 30 kila upande. Hakuna aliyetusogeza. Nyumba haikutembea, kaburi halikutembea. Mstari ndio uliotupita usiku, kama Songwe unavyofanya.

Kisha siku moja walipita watu wenye vizibao na kopo la rangi. Walipima, wakaandika kwenye daftari, wakachora alama ya X ukutani, na nyingine kwenye kibanda cha ndugu yangu. Walipofika kaburini walisimama. Mmoja wao, kijana mpole, alivua kofia. Hawakuchora kitu kwenye kaburi, lakini waliliandika katika daftari, na walituambia kwamba walio ndani ya zile meta zilizoongezwa watalipwa fidia kazi itakapoanza. Itaanza lini, hawakusema.

Tuliitana. Mdogo wangu wa Mbeya alitaka tumhamishe baba mapema, kwa utulivu, kabla ya greda. Yule anayeishi pale alisema kwamba mtu hamhamishi baba yake kwa sababu ya rangi, na kwamba anachotaka kujua yeye ni nani atamlipia kibanda. Mimi niko kati, na wa kati hutarajiwa kusema neno la hekima. Nilisema tumsubiri shangazi. Kwetu jambo la kaburi la mwanamume halifungwi bila dada yake kusema.

Alikuja na pikipiki hadi darajani, akapitia uhamiaji, akatembea yaliyobaki. Ana miaka zaidi ya themanini. Tulimpokea mzigo, tukamsalimia, "Ugonile," naye akaitikia, "Ndaga," akakaa chini ya mwembe bila kuutazama ukuta. Alikula kwanza. Aliuliza habari za watoto wote kwa majina. Kisha akanyanyuka, akaenda kuitazama ile X, akaigusa kwa kidole kama mtu anayeona kama rangi imekauka.

"Mto ulipomchukua mume wangu haukuandika kitu ukutani," alisema. "Hawa angalau wameandika."

Tulikuwa tunajua, ila hatukuwa tumelisikia kinywani mwake. Masika moja Songwe ulikata kona na kupita mahali walipomzika mumewe. Asubuhi palikuwa maji. Yeye hana kaburi la kwenda kufagia.

Mdogo wangu akaanza kueleza habari za fidia na taratibu za kufukua. Shangazi alimwacha amalize, maana ni mtoto wa kaka yake na anampenda, kisha akaniuliza mimi kama nina kipimo. Nilikuwa na tepu ya fundi, ya meta 50. Akasema nipime yeye akiona.

Si kazi rahisi kupima barabara ambayo malori yanapita. Yule kijana wa madumu alishika ncha ya tepu katikati ya lami, akawa anakimbia kila lori likija, na kila akirudi anashika mahali palipotofautiana kidogo na pa mwanzo. Tulipima mara nne. Ukuta wa nyumba ulikuja meta 24 na sentimeta chache. Kamba ya baba ilikuwa kamba ya kweli. Kichwa cha kaburi meta 27 na nusu, miguu karibu meta 29. Nyuma yake, kabla ya kufika mpaka wetu na mikakao ya jirani, kulikuwa na nafasi iliyoanzia meta 30 na nusu hivi hadi 32. Imeota majani tu.

"Hapo pana mtu?" aliuliza shangazi.

Nikamjibu kwamba hapana mtu.

"Basi pana mtu," alisema. "Mimi."

Ndugu yangu wa kike aliangua kilio. Shangazi alimwambia anyamaze, hajafa bado, na akaendelea kwa sauti ya mtu anayegawa mbegu. Kaka yake asiguswe hadi hao wenye kopo la rangi warudi wenyewe na barua. Wakija kweli, na kazi ikawa kweli, baba asogezwe nyuma, awe ubavuni mwake, wala asipelekwe kwenye makaburi ya watu wote. Wasipokuja, abaki alipo, na yeye alazwe nyuma yake, pale majanini, akitazama mgongo wa kaka yake kama walivyokuwa wakitembea utotoni kwenda kuchota maji. Mdogo wangu alisema kwamba kuvusha maiti mpakani kunahitaji vibali vya serikali mbili, cheti cha daktari na jeneza la namna fulani. Ni kweli, nilishawahi kuulizia. Shangazi akamwambia kwamba hiyo ndiyo kazi aliyosomeshewa.

Kuhusu kibanda hakusema kitu, ila kabla ya kuondoka alinunua sahani ya wali kwa fedha taslimu, shilingi za kwetu, akakataa kurudishiwa chenji.

Nilimsindikiza hadi darajani. Ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa moja. Kwetu ilikuwa saa kumi na moja jioni na kwake saa kumi, na alikuwa akilihesabu jambo hilo kwa furaha, kwamba atafika nyumbani mapema kuliko alivyoondoka kwetu. Malori yalikuwa yamejipanga hadi nisione mwisho wake. Njiani aliniuliza kama ile tepu ni yangu au ya kuazima. Nikamwambia ni yangu. Akaniagiza nikirudi nipigilie vijiti vinne pale majanini, virefu, jirani asije akapanda kakao.